Tausi wa Nyuma ya Geti

Tarehe 6 Februari

Mpwa wangu Mkata Vioo,

Kwa heshima zote, na baada ya kuvua kofia, natangaza kwamba leo saa nne na robo asubuhi, mbele ya shahidi mmoja ambaye ni mimi, kifaranga wa tausi amekula. Amekula kipande cha kiini cha yai kisichozidi punje ya mchele. Alikitema kwanza, akakizunguka, akakitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, akakimeza. Nikamkatia cha pili papo hapo.

Sasa salamu. Marahaba kwa shikamoo ya barua yako. Mimi mzima isipokuwa goti. Msalimie dada yangu, mwambie meno ya mdogo wake bado yapo yote, ukitoa mawili.

Najua utauliza tausi katokea wapi. Wale wawili wakubwa wa Mwenye Nyumba, dume na jike, dereva alikuja kuwachukua mwanzoni mwa Januari. Waliondoka wamekaa kiti cha nyuma kama wakwe. Siku ya pili nikakuta yai chini ya ngazi ya jikoni. Nikampa Mama Duka wa ng'ambo ya barabara, naye akamwekea kuku wake. Kuku akalala juu yake siku ishirini na nane, wiki nzima kupita mazoea yake, na kifaranga alipotoka akamtazama kama mtu aliyebadilishiwa mzigo stendi. Kisha akamdonoa kichwani. Ndiyo maana yuko kwangu, ndani ya boksi la sabuni, na chupa ya maji ya moto niliyoivisha soksi.

Shida yake ni kwamba hajui kula. Kifaranga wa kuku huzaliwa anajua. Huyu lazima aonyeshwe. Kwa hiyo tangu juzi niko sakafuni nadonoa yai kwa kidole, tok tok tok, ili anione. Kidole kimevimba.

Kuhusu kuja huko kumwona dada: unajua hali ya geti. Ufunguo wa kufuli la nje anao Mwenye Nyumba. Mimi nina komeo la ndani tu, refu kama mkono. Anayetoka analiacha geti wazi. Mwenye Nyumba alisema ni siku kumi, na sasa ni mwezi wa kumi na nne. Vyakula Mama Duka ananirushia ukutani kwa kikapu na kamba. Mtu atokeje?

Mwambie dada apunguze chumvi. Chumvi inakula macho, nimesoma mahali.

Mjomba wako


Tarehe 20 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti na kidole vyote viwili vinaendelea vizuri. Sisi hatujambo. Mama amecheka sana aliposikia unadonoa sakafu. Amesema nikuandikie kwamba hata utotoni ulikuwa hivyo, ila wakati ule ulikuwa unadonoa sukari.

Kazini kwetu yapo yale yale: asubuhi fremu za picha za harusi, mchana vioo vya madirisha, jioni kuzoa vipande. Bosi anasema mkono wangu sasa unakata mstari ulionyooka kuliko maneno yangu. Nimeshukuru, halafu nikakaa nafikiria.

Sasa mama. Mjomba, chumvi haihusiki. Namsomea barua zako nikimficha mengine, na wewe nakuandikia nikikuficha mengine, lakini leo sikufichi. Juzi amemimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina mpaka ikafika kwenye miguu yangu. Watu anawatambua kwa hatua zao. Jirani amenunua viatu vipya, mama akampokea kama mgeni na kumuuliza anatokea wapi. Tangu mwaka juzi ni hivyo, na mimi kila siku naona yamezidi. Kwa daktari wa macho hataki kusikia. Nikimwambia anajibu: "Kama sijaambiwa, bado sijapofuka. Niache."

Kwa hiyo nakuomba uje. Njoo angali anaweza kuiona sura yako, hata kama ni pua tu. Pua yako kubwa, ataiona. Siku tatu tu, mjomba. Geti litakaa wazi siku tatu, kwani kuna nini mle ndani zaidi yako?

Nakutumia kipande cha kioo cha kujitazamia, kimebaki kwenye kazi ya kabati. Kingo nimezisaga, hazikati. Bosi alikuwa na kasuku zamani, anasema ndege wa peke yake hufa kwa upweke, lakini akijiona anadhani wako wawili. Kiweke ndani ya boksi.

Mpwa wako


Tarehe 15 Machi

Mkata Vioo wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia na kioo kizima. Mama Duka amekituma ndani ya kikapu pamoja na nyanya, akaniita toka barabarani: "Mzee! Umeletewa mke!"

Na hakukosea sana. Kifaranga alipokiona kioo alisimama wima, akafungua vibawa vyote viwili, kila kimoja kama kiganja cha mtoto, na akalia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Tangu siku hiyo analala ameegemea kioo. Akila, anamwangushia yule wa kwenye kioo chembe ya yai mbele yake, na yule hali, naye anaudhika. Nikiondoa kioo nikifute, analia mpaka nirudishe. Sasa tuko watatu humu ndani, na mimi ndiye ninayeamka kwanza.

Kulikuwa na tatizo la miguu. Boksi lilikuwa na karatasi laini chini, akawa anateleza, miguu ikafunguka huku na huku kama mkasi. Nimemfunga miguu yote miwili kwa kitambaa chembamba, nafasi ya kidole kati yake, na chini nikatandika gunia. Siku nne. Alinichukia siku nne. Sasa anatembea kama karani. Na kichwani kimeanza kuchomoza kishungi, manyoya matano, nimeyahesabu. Anaruka hadi juu ya kiti, na akiwa kule anakuwa na dharau.

Mama Duka amenisema jana. Nilikuwa nimechungulia kwenye upenyo wa geti nampa kikapu. Akaniambia, "Mzee, hivi aliyekufunga ni nani, wewe au geti?"

"Ni kazi," nikasema.

"Kazi gani haina bosi?"

Nikamwambia anipimie mtama. Mwanamke anauza duka, anataka na kuuza maswali.

Sasa sikiliza mpango wangu, umwambie na dada. Nikija sasa nitakuja mikono mitupu na pua. Lakini huyu akishaota mkia, mkia kamili, wenye yale macho ya bluu na kijani, nitamweka kwenye kapu nije naye, amwone dada. Rangi zile hata mwenye macho mabovu haziwezi kumpita. Nimepiga hesabu: kwa anavyokua, miezi sita. Mwezi wa nane hivi. Na kufikia hapo Mwenye Nyumba atakuwa amerudi na ufunguo.

Dereva bado, labda barabara mbaya.

Mjomba wako


Tarehe 2 Aprili

Shikamoo mjomba.

Hatujambo. Jirani wa viatu hajambo. Bosi hajambo.

Leo alikuja mtu kutengenezewa fremu ya picha ya tausi, mkubwa, amefungua mkia wote. Anafuga. Nikamuuliza mkia unachukua muda gani kuota. Akasema mwaka wa kwanza hakuna kitu. Wa pili kidogo. Kamili ni mwaka wa tatu.

Miaka mitatu, mjomba.

Nilikuwa nimeshika kisu cha almasi cha kukatia vioo, ikabidi nikiweke chini.

Basi ngoja na mimi nikuambie kitu ambacho sijamwambia mama. Kuna karakana kubwa mji mwingine, wanachora maua na herufi juu ya vioo, kwa gurudumu dogo linalozunguka, kama unaandika. Bosi alipeleka kipande changu bila kuniambia. Wamenitaka. Mafunzo ni mwaka mmoja na nusu, yanaanza tarehe mosi Julai, nafasi ni moja, na nisipofika siku hiyo anaingia anayefuata. Nina miaka ishirini na tisa, tangu nimezaliwa sijalala nje ya nyumba hii zaidi ya usiku mmoja, na usiku huo nilikuwa hospitali namuuguza huyo huyo mama.

Siwezi kumwacha peke yake. Wa kukaa naye ni wewe tu, hatuna mwingine. Sikuombi tena siku tatu. Nakuomba uje ukae.

Mama yuko hapa mlangoni ananiuliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia namwandikia mjomba habari za ndege.

Mpwa wako


Tarehe 10 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Huku kulikuwa na msiba nusu.

Nilimtoa tausi uani apate jua, na kuku wa Mama Duka, yule yule mama wa kambo, akapenya chini ya geti. Nilidhani wanasalimiana. Wakachakura pamoja asubuhi nzima. Nilikuwa nimesoma kwamba tausi hawafugwi na kuku, kuku wana minyoo ambayo wao haiwadhuru lakini kwa tausi ni sumu. Nimelisoma mwenyewe. Nikakaa pale kwenye kiti nawatazama, naona raha, kama mtu anayetazama wajukuu.

Siku ya tisa akanyong'onyea. Mabawa yameburuza chini, kichwa kimeingia mabegani, kinyesi cha njano kama haradali. Hali. Hata kwenye kioo hajitazami. Mama Duka alimtafuta bwana mifugo, naye akaleta dawa na kuitupa juu ya ukuta kwenye mfuko, kwa sababu geti sikulifungua. Alinielekeza akiwa barabarani na mimi niko ndani, tunapiga kelele kama watu waliotenganishwa na mto. "Matone matano!" "Mangapi?" "Matano! Mdomoni!" "Mdomoni kwa nani?" Watu walisimama kusikiliza.

Nilimpa matone kwa siku saba, mara tatu kwa siku, nimemfunika kwenye koti langu, kichwa chake kiko kwapani. Ana moyo unaodunda upesi sana, kama cherehani. Siku ya nane alinidonoa kifungo. Sasa anakula mchicha, mtama uliosagwa, yai, na mchwa ninaomchimbia kwenye ua la nyuma. Ana shingo. Rangi yake ni ya udongo tu, mgongoni madoadoa, lakini shingoni ukimgeuza kwenye jua kuna kitu cha kijani. Nimemgeuza mara nyingi.

Miaka mitatu nimeisikia. Nilikosea mahesabu, kijitabu changu cha ufugaji kina kurasa zilizong'oka.

Kuhusu lile jambo lako, nafikiria.

Msalimie dada.

Mjomba wako


Tarehe 25 Mei

Shikamoo mjomba.

Poleni kwa ugonjwa wa tausi, na pole wewe kwa kudonolewa kifungo.

Nimehesabu mistari ya barua yako. Ya ndege ni mingi, nimeacha kuhesabu. Wa kwangu ni mmoja, una maneno matano.

Nikuambie tunavyoishi, maana hujauliza. Nimefunga kamba kutoka chumbani kwa mama, ukutani, mpaka bafuni, na nyingine mpaka jikoni. Anaishika anatembea. Nikiwa kazini naisikia kamba ile kichwani. Saa sita narudi mbio nampakulia chakula, nakimbia tena, Bosi anatazama saa ya ukutani badala ya kunitazama mimi. Jioni nikirudi nakuta amekaa pale pale, kiti kile kile, uso dirishani. Namuuliza, "Mama, unatazama nini?" Ananiambia, "Natazama mwanga." Ndicho kilichobaki. Sasa niambie mimi naondokaje hapo? Nikishika mkoba nasikia mkono wake kwenye kamba.

Na yeye anajua. Jana aliniambia kaa, andika, neno kwa neno, usipambe. Naandika:

"Mdogo wangu. Huyu mtoto ana nafasi huko mbali, anadhani sijui. Barua ile anaisoma kila siku, na anaikunja kwa sauti. Mimi sitaki kuona mkia wa ndege. Nataka mtu wa kuniambia chai imejaa kikombe. Kama unaona aibu kuja kukaa kwa dada yako, ujue mimi aibu hiyo niliimaliza siku nyingi, tangu nilipoanza kushikwa mkono kwenda msalani na mtoto niliyemzaa. Njoo tugombane. Hapa hakuna wa kugombana naye, huyu ananionea huruma tu."

Mwisho wa kunukuu.

Langu ni hili. Dereva hujamtaja tangu Machi. Anakuja au haji? Na wewe unakuja au huji? Basi langu ni Jumamosi tarehe 28 Juni, saa kumi na mbili asubuhi. Nijibu neno moja. Usinijibu ndege.

Mpwa wako


Tarehe 12 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba.

Dereva haji. Alikuja mara ya mwisho ile ile siku aliyowachukua tausi wakubwa. Aliwafunga miguu, akawaweka kwenye gari, akaniangalia, akasema, "Basi mzee, utakuwa salama." Nilidhani ananiaga. Sasa nafahamu kwamba alikuwa ananitelekeza.

Nimemwandikia Mwenye Nyumba barua tatu. Zote zimerudi, na nyuma yake mtu mwingine ameandika kwa kalamu nyekundu: hayupo hapa. Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ningelazimika kujiambia na mimi. Mtu anayelinda nyumba ana kazi. Mtu anayekaa ndani ya nyumba isiyo na mwenyewe ni nani? Nikitoka hapa mimi ni mzee mwenye goti aliyeingia sebuleni kwa dada yake na mkoba mmoja. Humu ndani, nikiamka, kuna anayelia mpaka nifike. Najua ni ndege. Sijawahi kumwita kitu kingine.

Umeniambia nijibu neno moja, na mimi nimejaza karatasi. Neno lenyewe: nakuja. Nitafika Alhamisi tarehe 26. Tutakuwa na siku moja ya wewe kunionyesha kamba na sufuria.

Tausi nakuja naye. Nimebandika karatasi ukutani jikoni kwa Mwenye Nyumba: "Nimechukua tausi mmoja, umri miezi minne na siku kadhaa, afya njema. Vikombe sita ulivyoniachia vipo vyote." Tarehe, sahihi.

Mjomba wako


Tarehe 14 Julai

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo. Mjomba, msomee mama kwa sauti na usiruke.

Nimefika salama, nina kitanda na taa yangu mwenyewe. Tuko tisa. Gurudumu linazunguka chini ya maji, unashika kioo kwa mikono miwili na kukisogeza, na ukipumua vibaya umeharibu. Wiki ya kwanza nimeharibu jani moja mara kumi na moja. Ya pili nimelitoa. Mwalimu amelitazama mara mbili, na kwake hiyo ndiyo sifa.

Wenzangu wamecheka mpaka wakakaa chini nilipowasimulia ulivyoondoka kule. Mtu wa miaka sitini na moja analifunga geti kwa ndani, komeo lote, kwa sababu ndiyo kazi yake, halafu anapanda ngazi na kuruka ukuta, tausi kwenye kapu, Mama Duka chini anashika kapu na kusema, "Huyo ndege ana akili, kanyamaza. Wewe mwenye mdomo unapiga kelele." Bado naona ulivyoshuka kwenye basi na kapu kifuani, umechana suruali, unanisalimia kama hakuna kilichotokea.

Naendelea vizuri, ila nikipita mahali wamefunga kamba ya kuanikia nguo nasimama. Sijui kwa nini nimekuandikia hilo.

Mama anaendeleaje? Bado anauona mwanga wa dirisha? Usinipambie. Mkumbushe avae miwani yake, najua anasema haimsaidii kitu, lakini avae. Na akikubali, mjomba, nakuomba, mpeleke kwa daktari. Nikijua moja nitaweza kulala.

Mpwa wako


Tarehe 5 Agosti

Mkata Vioo, Mchora Vioo, mpwa wangu,

Marahaba kutoka kwangu, marahaba kutoka kwa mama yako, ambaye amekaa hapa na ananiamrisha niandike kwa herufi kubwa. Nimemuuliza kwa nini herufi kubwa ilhali wewe huna tatizo la macho, akasema niandike tu, nisibishane na mkubwa.

Hali yangu ni nzuri. Ile nyumba ilikuwa na komeo. Hii ina dada. Nikivaa kofia anauliza, "Unakwenda wapi?" Nikivua anauliza, "Umeghairi nini?" Tunagombana kuanzia kifungua kinywa. Mada ya juzi ilikuwa ni nani alivunja mtungi wa nyumbani miaka arobaini na saba iliyopita. Ni yeye. Amenona, nakuambia.

Tausi ana miezi sita. Analala juu ya kabati la nguo zako, pole. Mchana anapenda kukaa juu ya kamba ya kwenda jikoni, katikati kabisa, kwa hiyo mama yako akija anaipapasa anakutana na miguu. Wanapiga kelele wote wawili, kila mmoja anarudi alikotoka, halafu mama yako ananiita nije niamue. Ile sauti ya tausi inasikika mpaka kwa jirani wa viatu. Amekuja kulalamika. Mama yako alimjua kwa hatua, akamwambia huyo si ndege, ni mdogo wangu anaimba.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na kama umesimama, kaa.

Wiki iliyopita ndege alianza kuchechemea. Nikamlaza magotini, mguu juu, kuna mwiba chini ya kidole, mdogo, mimi na macho yangu ya kizee siuoni, nauhisi tu. Nikamwambia dada nipe miwani yako niuone. Akaivua. Nikaivaa. Mwiba sikuuona. Nikaivua: mwiba sikuuona vilevile. Nikaivaa tena, nikaivua tena, nikatazama dirisha, nikatazama mlango. Dunia ni ile ile. Mimi nakumbuka miwani ya dada yangu tangu ujana, ilikuwa nene kama kitako cha chupa. Ukiijaribu kwa mchezo unataka kutapika.

"Dada," nikasema, "hii miwani umeipata wapi?"

Akacheka kwa fahari. Akanisimulia kwamba mwaka juzi aliikalia, fremu ikapona, vioo vyote viwili vikavunjika, na wewe ulikuwa na miezi mitatu tu kwenye kazi. Ukaipeleka karakanani, ukakata viwili vya duara, ukavisaga kingo, ukavitia ukamletea siku hiyo hiyo. "Kazi yake ya kwanza ya duara hiyo," akasema. "Na nyepesi, ona. Ile ya zamani ilikuwa inaniumiza pua."

"Na macho yalianza kufa lini?"

"Mwaka huo huo," akasema. "Bahati mbaya tu. Nimepata miwani nzuri, macho yakaondoka."

Mwiba niliutoa kwa kupapasa. Kesho yake nikamwambia tunakwenda kumtafutia ndege dawa, maana kwa jina la daktari asingetoka, nikamshika mkono mpaka kwa fundi wa miwani pale nyuma ya soko. Mzee mmoja mkimya. Akaipokea, akaishika mbali na uso, akaisogeza kushoto na kulia, akaigonga kwa ukucha, akaiweka juu ya meza.

"Mama," akasema, "hiki ni kioo cha dirisha."

Mjomba wako